Siku Lavern Alipoulizwa Hati ya Shamba Letu

Barabara ya Kanisa la Horebu,
Kisiwa cha Cuffee,
Karolina Kusini.

Jumapili, 15 Juni 2008

Mpendwa dada yangu Evangeline,

Nakusalimu kwa salamu za tumbo moja na ziwa moja. Hujambo dada? Goti lako linaendeleaje? Nimesikia huko Philadelphia baridi ilichelewa kuondoka mwaka huu, nikasema lo, goti la dada yangu. Paka mafuta ya kambare kama alivyokuwa akifanya Mama, usiyadharau kwa sababu yananuka. Na shemeji Otis, moyo wake umetulia? Na binti yako Renita na wale mapacha wake, wameshaanza kutembea?

Mimi sijambo. Presha yangu inapanda na kushuka kama maji ya mto wetu, mara mbili kwa siku, lakini nipo. Bamia zimeshika vizuri. Mvua imenyesha ya kutosha. Paa la jikoni limevuja upande uleule wa siku zote, nimeweka sufuria ileile.

Najua ni miaka minne hatujaandikiana, tangu siku ile ya maziko ya Mama. Usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho. Naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa Lavern, kwa hiyo ukiona herufi zimelala, ziamshe tu usome. Nilianza jana nikachana mara mbili.

Nianze na furaha, maana nimeibeba tangu Jumanne na kifua kinataka kupasuka. Lavern wetu ameshinda! Mchujo wa chama, kiti cha Seneti ya jimbo. Amempita Bwana Hollis Fludd kwa kura mia nne na kumi na mbili. Novemba bado kuna uchaguzi mkubwa, lakini unajua upande wetu huu, anayepita kwenye chama ndiye anayekwenda Columbia, kwenye bunge la jimbo. Dada, mtoto niliyemzaa kwenye kile chumba cha nyuma, kimbunga kikipiga, wewe ukishika taa! Leo kanisani wamemsimamisha mbele, kina mama wakavua viatu wakazunguka duara wakipiga miguu mpaka mbao zikalia. Na mimi nilikuwamo, na presha yangu.

Lakini hakushinda kirahisi. Na jinsi alivyoshinda inakuhusu wewe, ndiyo maana nakuandikia.

Bwana Fludd unamkumbuka, yule mwenye nyumba ya mazishi, mtoto wa mzee Fludd. Sauti yake imekuwa nzito zaidi, akisema habari ya asubuhi unatafuta leso. Amezika baba zetu na mama zetu, na hakuna nyumba asiyoijua mlango wake. Nilimwambia Lavern, mwanangu, utashindanaje na mtu ambaye kila mtu hapa anajua atamhitaji? Akacheka. Mimi sikucheka. Wiki tatu sikulala vizuri.

Mdahalo wao ulikuwa tarehe 29 Mei, alasiri, katika ukumbi wa kanisa. Mwendeshaji alikuwa Mwalimu Brisbane, ana miaka themanini na nne na bado akikutazama unaficha mikono. Alikuja na saa yake ya jikoni, ile ya kuokea keki. Kila mgombea dakika mbili, ikilia, umenyamaza. Bwana Fludd alipopitiliza mara ya kwanza akamwambia, “Hollis, keki imeiva, itoe.” Ukumbi wote ukaangua kicheko.

Mimi nilikaa safu ya tatu, nimevaa kofia ya zambarau ili nijifiche chini yake.

Walizungumza mengi. Daraja, shule, hospitali iliyo mbali. Kwa hayo walikuwa sawa kwa sawa, hata mimi mama yake nasema kweli. Kisha wakafika kwenye mashamba ya urithi. Dada, huku si kama ulivyopaacha. Ile kampuni ya nyumba za likizo imeshika ufukwe wote wa kusini. Hawaji na bunduki. Wanatafuta mjukuu mmoja aliyezaliwa mbali, hajawahi kuonja hata kaa wa hapa, wananunua fungu lake, kisha wanakwenda mahakamani kusema, sisi nasi ni wenye shamba, ligawanywe. Hakimu anasema shamba la watu wengi namna hii haligawanyiki, basi liuzwe lote. Linapigwa mnada kwenye ngazi za mahakama, saa nne asubuhi, na kampuni ndiyo inayonunua. Familia ya Heyward wamehamishwa hivyo, na makaburi yao sasa yako nyuma ya geti.

Lavern akasimama akasema akifika Columbia ataleta sheria ya mambo matatu. Mmoja akiuza fungu lake, ndugu wapewe nafasi ya kulinunua kwanza kabla ya mnada. Karani wa ardhi aje visiwani kila Jumamosi, badala ya wazee kuvuka daraja kwenda kupanga foleni. Na Biblia ya familia, pamoja na kiapo cha wazee, vipokelewe mahakamani kama ushahidi. Watu wakapiga meza.

Bwana Fludd naye akasimama, polepole, kama anavyosimama kaburini. Akasema, “Ndugu zangu, nampenda Lavern, ni kama binti yangu. Lakini sheria haiwezi kukuandikia wosia. Nimezika watu wa kisiwa hiki miaka arobaini, na katika kumi, tisa hawakuacha hata mstari mmoja. Tatizo si Columbia. Tatizo ni sisi.” Wengine wakaitikia, “Kweli hiyo!” Nami nikahisi jasho chini ya kofia.

Halafu akamgeukia. “Lavern, umekaa ofisi ya hati za ardhi miaka kumi na minane. Umetunza karatasi za watu. Hebu tuambie, karatasi ya shamba la kwenu iko wapi?”

Hata watoto waliacha kula karanga.

Kwa sababu alijua, dada. Nami nilikuwa najua. Yule Terrance wa New Jersey, kitukuu cha bibi Minna, aliuza fungu lake mwezi wa Februari. Kampuni imetushitaki. Siku ya mahakama ni tarehe 19 Agosti, ekari zote thelathini na nane, nyumba hii, visima viwili, na makaburi pale kwenye mialoni ya mtoni. Sikukuandikia. Niliona haya. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mwanangu hakutazama chini. Akasema, “Hatuna, Bwana Fludd. Na sababu ni yule aliyekaa pale safu ya tatu, mwenye kofia ya zambarau.”

Dada, ningeweza kuingia chini ya benchi!

Akaendelea, “Mama yangu nimemwomba miaka kumi na mmoja. Nimemwomba kwa upole, nimemwomba kwa machozi, nimempikia hadi wali mwekundu. Biblia ya familia ameificha, na nilipoiona siku moja, majina yote yaliyomo ni ya nyumbani. Cootah. Boogah. Bidi. Mahakama haimjui Cootah. Anayejua Cootah ni nani kwa serikali ni mama yangu peke yake, na hasemi. Ikiwa mimi niliye ndani ya ofisi ile nimeshindwa kumleta mama yangu mpaka kwenye dirisha la karani, wale wasio na mtu ofisini wataweza vipi? Bwana Fludd anasema tatizo ni sisi. Sawa. Basi sheria ije ituangalie sisi tulivyo.”

Saa ya keki ikalia. Hakuna aliyecheka.

Nikwambie kitu ambacho sikumwambia Lavern wala mchungaji. Sikuwa mkaidi bure. Unakumbuka Mjomba Ezell alivyotia alama ya msalaba kwenye karatasi ya mzungu, akidhani anapokea mbolea, na ufukwe wetu wa kaa ukaenda? Mama alinikalisha nikiwa na miaka tisa akaniambia, jina la nyumbani ni la kuitiwa, jina la serikali ni la kukamatiwa. Usimpe karani wafu wetu. Ndiyo maana tuliandika vile kwenye Biblia, kwa makusudi, ili mgeni akiifungua asipate kitu. Nilishika agizo hilo kama mtu ashikavyo mkono wa mama yake sokoni. Na wewe siku ya maziko uliponiambia, “Ruthmae, tuandike sasa, kabla hatujasahau,” nilikujibu vibaya mbele ya watu. Nilisema unataka kunizika pamoja na Mama. Nikakuona ukichukua mkoba wako. Nilitaka kukuita. Mdomo ulikataa.

Basi pale ukumbini miguu ikasimama yenyewe.

Mwalimu Brisbane akanitazama juu ya miwani. “Ruthmae Polite, maswali yanaandikwa kwenye karatasi na kuletwa hapa mbele.”

Nikamwambia, “Mwalimu, siandiki vizuri, unajua wewe mwenyewe, darasa la tano nilikwenda kuchuma nyanya. Na hili si swali. Ni jibu.”

“Basi una dakika mbili,” akasema, akazungusha saa.

Nikashika mgongo wa benchi nikaanza, kama tunavyoita majina ya wafu wetu mkesha wa mwaka mpya. Nikasema, Cootah, jina lake la karatasi Prince Capers, ndiye aliyenunua shamba kwa pesa za mchele, baada ya utumwa. Akamwoa Sibby, jina lake Isabella. Wakazaa wanne. Minna, jina lake Hagar. Boogah, jina lake James, ndiye babu yangu mimi. Tay, jina lake Catherine, alikwenda na ndui bila mtoto. Na kila jina nililotaja watu wakaanza kuitikia, “Yupo!” Mzee mmoja nyuma huko, “Yupo!” Nikahisi kama nimeacha mlango wazi na wao wanaingia mmoja mmoja kukaa kwenye viti.

Nikafika kwa wa nne. Bidi. Dada, jina likakataa. Bidi, Bidi, Bidi. Yule aliyekwenda kufanya kazi bandarini Savannah akarudishwa ndani ya sanduku kabla sisi hatujazaliwa. Mama aliniambia jina lake mara moja tu. Naliona liko palepale, kama sindano kwenye zulia, na silioni. Na nisipolitaja, kampuni itasema huyo alikuwa na watoto Savannah, tafuteni warithi wake, na shamba linaninginia. Nikasikia tiki tiki ya ile saa. Lavern akainuka nusu. Machozi yakanitoka mbele ya chama kizima.

Ndipo sauti nzito ikasema kutoka meza ya wagombea, “Solomon.”

Bwana Fludd! Alikuwa ametazama mikono yake. Akasema, “Solomon Capers. Baba yangu alimpokea gatini mwaka thelathini na moja. Nimekisoma kitabu chake cha maziko tangu niko mdogo. Miaka ishirini na mitatu, hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Alizikwa na viatu vyake vipya.”

Nikasema, “Solomon.” Ukumbi mzima ukasema, “Yupo!” Saa ikalia. Hakuna aliyeisikia, wote walikuwa wamesimama.

Sikukaa. Nikamaliza mpaka kwa Baba, mpaka kwako, mpaka kwangu, mpaka kwa watoto wetu, na Mwalimu Brisbane aliigeuza ile saa uso chini kwenye meza. Lavern alikuwa ameshachukua karatasi anaandika, anaandika na kulia. Kisha akasimama akamshukuru Bwana Fludd kwa jina lake mbele ya watu wote, akasema, “Haya ndiyo ninayosema. Nusu ya jina la familia yetu iko kwa mama yangu, nusu iko kwenye kitabu cha mazishi, na hakuna dirisha la serikali linalozikutanisha. Mnipeleke nikalijenge hilo dirisha.” Makofi yale, dada, mbwa wa mchungaji alikimbia mpaka barabarani.

Siku zilizofuata watu walikuwa wakija hapa kibarazani na Biblia zao chini ya kwapa. Kaa na kamba wangu wote wameisha kwenye jokofu kwa kuwakirimu. Wazee wanataja, vijana wa Lavern wanaandika. Hata wale waliosema wangempa Fludd kura zao walikuja, wakasema tutampa huyu, na Fludd tutampa miili yetu.

Jumatano asubuhi baada ya kura, nilikuwa nachambua maharage, nikaona gari jeusi la Bwana Fludd linaingia. Moyo ukaruka, gari lile haliji bure. Akashuka na bahasha. Akasema, “Bi Ruthmae, nimeshindwa kwa mdomo wangu mwenyewe.”

Nikamwambia, “Ungenyamaza, leo ungekuwa njiani kwenda Columbia.”

“Ningenyamaza, Bidi angekuja kunivua viatu usiku.” Tukacheka mpaka akashika tumbo. Ndani ya bahasha alikuwa ametia nakala ya ule ukurasa wa kitabu cha baba yake, umepigwa muhuri, wa kupeleka kwa hakimu. Nikampa biskuti za ufuta. Nikamwambia, swali lako lilikuwa la kikatili. Akasema, “Lilikuwa la kweli.” Sikubisha. Alichukua biskuti saba.

Sasa, dada yangu, sikiliza kwa masikio ya moyo. Lavern ameshinda, lakini atakalia kiti chake Januari, na sheria yake, Mungu akipenda, itakuja baadaye. Sisi siku yetu ni tarehe 19 Agosti. Sheria hiyo itawaokoa wengine, sisi haitatuwahi. Mwanasheria anasema hakimu amekubali kuahirisha mnada iwapo tutaleta orodha kamili ya warithi, na kila aliye hai ametia sahihi kwamba hauzi. Tuko kumi na tisa. Kumi na nane wametia. Hata mtoto wa binamu yetu Tootsie aliye jeshini Ujerumani amerudisha yake.

Aliyebaki ni wewe.

Najua kampuni imekuandikia, maana wamewaandikia wote, karatasi nzuri nzito yenye picha ya jua linalozama. Najua una goti na shemeji ana moyo, na ngazi za nyumba yenu ni nyingi. Sikulaumu hata kama umeiweka barua yao mezani ukaitazama. Na kama umeshawajibu, niambie tu, nitalia, kisha nitakupenda vilevile. Lakini kama bado, kumbuka wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Chumba chako bado ni chako. Nimetandika ile shuka yenye nyota aliyoishona Mama, ile tuliyogombania. Ichukue. Mimi nimeshazeeka, baridi yangu haitaki nyota.

Nawe ulikuwa na haki siku ile. Nimelisema kanisani, sasa naliandika, ili liwe na wewe hata nikifa. Tungeandika wakati ule, Mama akiwa bado na joto mikononi, nisingesimama ukumbini nikilia juu ya Bidi.

Lavern anakusalimu, anasema Shangazi akija siku ya kuapishwa atakaa safu ya mbele. Mchungaji anakusalimu, Mwalimu Brisbane anakusalimu na anauliza kama bado unaandika mkono wa kushoto. Tootsie na watoto wake wanakusalimu. Nisalimie shemeji Otis, Renita, na wale mapacha, wabusu miguuni. Nimetia biskuti za ufuta kwenye pakiti, zitavunjika njiani lakini ladha haivunjiki.

Mungu wa baba zetu, aliyemwonyesha Cootah ardhi hii, akulinde na ngazi, na barafu, na karatasi za wageni, akulete nyumbani ukiwa na miguu yako yote miwili.

Ndani ya bahasha utakuta ile orodha. Majina yote nimeyaandika mwenyewe, siku nne, upande wa kushoto la nyumbani, upande wa kulia la serikali. Mstari wa kumi na tisa nimeandika upande wa kushoto tu: Doll. Upande wa kulia sikugusa. Jina lako ni lako, dada. Liandike kwa mkono wako wa kushoto, uturudishie.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,

Nunnie,
yaani Ruthmae Capers Polite